Ute wa Mayai Sita

Mwanangu Batuli,

Salamu nimeshakupa mara nane tangu alfajiri na kila mara umenicheka, kwa hiyo hapa nazipita. Furaha niliyo nayo hata kalamu haitulii mkononi. Kesho! Kesho saa nne asubuhi binti yangu mimi, Athmani mtoa madoa, anapanda ndege kwenda Petersburg kusoma kemia. Nimelitamka jina la mji huo peke yangu jikoni, Petersburg, Petersburg, mpaka maziwa yakafurika yakazima jiko.

Wewe na mama yako mmekwenda Mirdif kumuaga Madam wake wa kazini, na Madam yule hamwachilii mgeni kabla hajala mara mbili, kwa hiyo nina kama saa mbili za kukuandikia bila mtu kunichungulia begani. Adhana ya alasiri imeshapita. Mambo ya koti na soksi na dawa ya kifua siyagusi. Hayo mama yako amekuandikia karatasi nzima, mbele na nyuma, na upande wa nyuma wote ni habari za kitunguu thomu. Yeye anaogopa baridi, mimi naogopa habari za vita, na bado furaha imetushinda sote wawili. Nina neno langu moja tu, nalo linahusu fidla.

Jana nilikuona ukifunga sanduku. Uliishusha fidla kutoka juu ya kabati, ukaipangusa vumbi kwa kiganja, ukairudisha palepale. Nikakuuliza, "Huendi nayo?" Ukanijibu bila kugeuka, "Sina haja nayo, Baba. Kemia inatosha." Ulijibu kwa upole, wala hukuninunia, na hilo ndilo lililoniuma. Maneno hayo si yako, Batuli. Ni yangu. Mimi ndiye niliyeyatia mdomoni mwako miaka sita iliyopita, na leo nimekaa hapa niyatoe kabla hujayabeba mpaka Urusi.

Unamkumbuka Mrusi wako? Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu wenu wa sayansi aliwasimulia habari zake, nawe ukaingia nyumbani na viatu mpaka sebuleni. "Baba, Baba! Kulikuwa na Mrusi mkemia, na alikuwa mtunzi wa muziki! Vyote viwili!" Sisi tunakaa hapa Dubai, International City, mtaa unaoitwa Russia, na wallahi tangu tuhamie sijapata kumwona Mrusi hata wa dawa. Jirani zetu ni Wapakistani, Wafilipino, Waganda, na yule Mmisri wa chini anayekaanga samaki na kutupa harufu bila samaki. Ukasema basi huyu atakuwa Mrusi wa kwanza wa mtaa wetu, na kweli akahamia. Kwa mwezi mzima tulikula naye, tukaoga naye, tukapanda naye basi.

Ulinisimulia kwamba baba yake alikuwa mwana wa kifalme asiyemwoa mama yake, kwa hiyo mtoto akaandikishwa kwa jina la mtumishi wa nyumba, na mama mzazi akaitwa shangazi mbele za watu. Ukaniuliza, "Sasa alimwita mamake shangazi maisha yake yote?" Nikakwambia wakubwa wana mambo yao. Ukanisimulia alivyojaza nyumba moshi na harufu za madawa akiwa mdogo kama wewe. Alipokuwa profesa, nyumba yake na maabara vilikuwa pua na mdomo, akawa anaacha kinanda katikati ya wimbo, anakimbia kuangalia chupa zake zisije zikaungua, anarudi anaimba njia nzima. Nyumba imejaa paka mpaka juu ya meza ya chakula, jamaa wamelala kila kochi kama kwetu siku ya Idi. Na muziki aliuandika hasa akiwa mgonjwa, kwa kuwa akiwa mzima kazi haimwachii nafasi, hata rafiki zake wakawa wanamtakia mafua! Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Rafiki gani hao, Baba?"

Lakini lililokuteka kabisa lilikuwa la mayai. Mrusi wako aliandika kwa penseli, na penseli hufutika. Basi, mkemia ni mkemia tu, akawa anazipaka kurasa zake ute wa yai, wengine wanasema ni kitu kama gundi, kisha anazianika kwenye kamba ndani ya nyumba kama nguo zilizofuliwa. Hapo hata mimi niliacha kula. Profesa mzima, kamba ya nguo! Kamba ya nguo ndiyo dunia yangu. Nimekwambia mara ngapi, kazi yangu kule chumba cha kufulia, chini ya hoteli, nayo ni kemia, ingawa hawaniiti hivyo? Kutu ina dawa yake, divai ina yake, wino una yake. Na kila mgeni akiletwa kwangu kazini, somo la kwanza namsimamisha mbele ya beseni namwambia: damu, maziwa na yai, maji baridi. Ukiweka moto, doa linaiva ndani ya uzi, na hapo khalas, hata ukiitia shuka bahari nzima.

Shika hilo, tutalirudia.

Wakati huo mama yako alikuwa ametimiza miezi mitatu Mombasa, anamuuguza bibi yako. Ulimkosa mama yako, nami nilimkosa, tukawa tunapika wali ulioungua na kusifiana. Na wewe ukajifungia chumbani na fidla, wiki tatu. Mrusi alimtungia mkewe muziki, nawe ukasema utamtungia mama yako wimbo wa kumpokea. Mimi nilikuwa nakaa nje ya mlango na kikombe changu cha chai, nikijifanya nasoma simu. Nilijua mkono wako wa fidla tangu una miaka saba, siku ulipopanda juu ya kiti ukaishusha fidla yangu kutoka juu ya kabati ukaniuliza mbona mti huu una nywele. Nilikufundisha mwenyewe kushika upinde. Lakini hilo nililolisikia nyuma ya mlango sikukufundisha. Lilianza taratibu kama wimbo wa harusi wa kwetu, halafu linapinda mahali sikutarajia, halafu linarudi linacheka. Na kila ukifika mwisho ulikuwa unaacha upinde na kuchuna nyuzi kwa kidole, chini chini, nisiusikie. "Mwisho ni siri ya Mama," ukaniambia. Sawasawa. Sikuusikia hata mara moja.

Mama yako alikuwa awasili Ijumaa. Alhamisi nikatoka zamu, nimechoka, nakuta mlango wa roshani wazi, na kwenye kamba, katikati ya kanzu yangu na taulo, karatasi saba zinameta na kunuka yai. Wewe ulikuwa umekwenda chuoni kusoma Kurani. Hata viatu sijavua, Wasswa, mlinzi wa jengo, akagonga. "Mzee, toa hivyo vitu kwa roshani! Wakaguzi wako mtaani, watakupiga faini!" Unajua hapa kuanika roshani ni marufuku, na unajua hofu yangu ya mtu mwenye kitambulisho shingoni. Nikaanua. Nguo nikazirusha kitandani. Karatasi zako nikazipanga moja juu ya moja, kingo kwa kingo, maana mimi ni mtu wa kupanga, nikaweka na pasi baridi juu zisije zikajikunja. Mbichi, Batuli! Ute wa yai mbichi, na uzito juu! Mtu wa makamo, mtoa madoa, asijue kwamba ute wa yai hugandisha kama gundi?

Uliporudi zilikuwa tofali. Ukajaribu kona moja kwa ukucha, ukasema tu, "Baba, zimeshikana." Ungenipigia kelele ingekuwa afadhali. Nikaona haya, na mimi nikiona haya nakuwa bingwa. "Lete hapa," nikakwambia, "hii ndiyo kazi yangu." Nikawasha birika. Nikazishika juu ya mvuke, hazikuachana. Nikazimiminia maji.

Maji moto, juu ya yai. Yai likaiva katikati ya kurasa, penseli ikatoka pamoja na ngozi ya karatasi, nikabaki na rojo la kijivu kiganjani. Kosa ambalo ningemfukuza mtu kazini kwa kulifanya nimelifanya mimi, nyumbani kwangu, juu ya kitu cha mwanangu.

Ulikuwa unalia bila sauti. Nilitakiwa niseme nisamehe. Neno jepesi, hata halina herufi nyingi. Badala yake unakumbuka nilisema nini? Nilisema, "Si karatasi tu hizo? Mshika mbili moja humponyoka. Shika kemia yako, muziki hauna mwisho mwema." Ukasema, "Sawa, Baba." Ukaipangusa fidla, ukaiweka juu ya kabati, palepale nilipokuwa nimeiweka mimi kabla hujaishusha. Mama yako akafika kesho yake, akavua buibui, akauliza mbona nyumba kimya. Nikamjibu, "Mtoto anasoma." Na kweli ukasoma, mpaka leo Petersburg wanakuita!

Sasa nikwambie aibu yangu, na ukimaliza kucheka uendelee kusoma. Mnajua wote, wewe na mama yako na jamaa wa Mombasa, kwamba niliacha fidla kwa sababu dawa za kazini ziliniua vidole. Uongo. Vidole vyangu vizima kama vya mtoto mchanga.

Kwetu Kibokoni, Mombasa, nilikuwa mpigaji, si wa kusifika mji mzima, lakini harusi ikikosa fidla yangu watu waliuliza niko wapi. Nilikuja huku na fidla imefungwa kwa kikoi. Mwanzo nilijaribu. Halafu zamu zikawa ndefu, nikajiambia kazi kwanza, muziki utangoja. Muziki haungoji bwana! Baada ya miaka miwili bila kuugusa upinde, Wazanzibari fulani wakanialika kupiga kwenye harusi Sharja. Nikaenda na kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Katika bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na uimbaji, wakati wenzangu wameniachia nafasi nipige peke yangu, nikapotea. Upinde ukalia kama mlango. Yule mama mwimbaji, mtu mzima, Kiunguja chake safi kabisa, akasogea kwenye kipaza sauti: "Fundi, umepotelewa na nini humo, tukusaidie kutafuta?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ulikuwa utani tu, angemtania yeyote, hata yeye mwenyewe alinipa soda baadaye. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako vidole vimekufa. Maskini akanipaka mafuta ya nazi na karafuu kila siku kwa mwezi mzima, nami nikanyoosha mikono apake.

Kwa hiyo siku ile ya birika, niliposema muziki hauna mwisho mwema, nilikuwa namjibu yule mama wa Sharja. Wewe ulikuwa umesimama tu njiani, mtoto wa watu. Nilishika mbili, moja ikaniponyoka, nikaona haya kuinama kuiokota, halafu nikamfundisha mwanangu kwamba vitu vikianguka haviokotwi.

Wimbo wako haukuniacha, lakini. Nisingependa ufikiri ulikufa kwenye maji moto. Ulinikaa kichwani miaka sita. Nasugua doa la divai, nauimba. Nasubiri basi la kwenda metro, nauimba. Barua ya chuo ilipofika mwaka huu niliuimba juma zima bila kupumua. Nakato, yule Mganda wa pasi ya mvuke aliyekuletea keki ulipofaulu mtihani, akasimamisha mashine. "Mzee, hii wimbo ni ya nani? Kila siku uko nayo, na kila siku unakwama pahali pamoja."

"Ya binti yangu."

"Sasa mbona huandiki?"

Nikamwambia sisi wa pwani tunapiga kwa sikio, mimi sijui kuandika muziki. Akacheka mpaka akajishikilia meza. "Miaka yote hii nimekaa na mtu wa muziki na hajui kuandika? Yalla, kaa hapa."

Nakato aliimba kwaya kanisani kwao Masaka, na huko waliandika kwa herufi: do ni d, re ni r, mi ni m, na nukta za kukata mapigo. Wanaita solfa. Miezi mitatu, kila saa ya chakula, tumekaa juu ya mifuko ya shuka chafu. Mimi naimba, yeye anaandika nyuma ya vile vitambulisho vya karatasi tunavyofungia nguo za wageni. Halafu akanigeuzia: naandika mimi, yeye anasahihisha kwa kalamu nyekundu, na hana huruma! "Mzee, hapa umekula pigo moja. Umelipeleka wapi?" Pale pa kupinda pakatushinda kabisa. "Hii noti imepinda, mzee." Nikamwambia haikupinda, ndivyo inavyokaa kwetu. Solfa haina herufi yake. Tulibishana siku mbili, mpaka watu wa jikoni wakaja kusikiliza ugomvi. Mwisho tukaichorea kindoana chini ya herufi. Ukikiona, ujue ni pale unapoteleza kidole kidogo tu, kama nilivyokufundisha ukiwa na miaka saba.

Kurasa sita zimejaa. Mchana huu nilipohakikisha mmeondoka, nimevunja mayai sita, yai moja kwa kila ukurasa, wingi ambao najua ni ujinga lakini nilitaka iwe hivyo. Nimeupiga ute na maji kidogo, baridi, nimeupaka kwa brashi mpya ya rangi. Viini sita nimevikaanga na kuvila mwenyewe ili kuficha ushahidi, na tumbo linanilaumu. Shati langu limeharibika. Zimeanikwa roshani, moja moja, nafasi katikati, na jua hili la Agosti linazifanyia kazi.

Nimekuwa nikimsoma tena Mrusi wako kwenye simu. Kuna mambo hukunisimulia, au mwalimu wenu aliyaruka. Unajua mwalimu wake wa kemia, aliyemtegemea awe mrithi wake, alimwonya apunguze nyimbo, kwamba mtu hawezi kuwinda sungura wawili kwa pamoja? Nilipofika hapo nilisema, lahaula, huyu mzee ni mimi! Na unajua ile opera yake kubwa hakuimaliza? Miaka na miaka aliivutavuta, leo ana mhadhara, kesho mwanafunzi ana shida, kesho kutwa anahangaikia wanawake wapate kusomea udaktari. Akafa ghafla yumo shereheni, amevaa nguo za kujipamba, anacheka na watu. Basi methali yetu haikusema uongo, moja ilimponyoka. Lakini rafiki zake waliidaka. Walikusanya karatasi zake wakaimaliza. Na mmoja wao, kijana, alikuwa amewahi kumsikia akiipiga sehemu ya kufungulia kwenye kinanda, haikuwa imeandikwa popote, akakaa akaiandika kutoka kichwani.

Kutoka kichwani, Batuli! Nilisoma hayo ndani ya basi la kutoka metro nikaruka kitini, jirani yangu akaniuliza kama nimeibiwa. Nilikuwa nimeshaanza kufanya kazi hiyo na Nakato, kumbe kuna mtu alinitangulia hukohuko unakokwenda. Ukifika mji huo, hebu ulitafute kaburi la Mrusi wetu, umpe salamu za mtaa wa Russia, Dubai. Mwambie hatujambo, na tunaye Mmisri wa samaki.

Leo asubuhi ulipokuwa unaoga nilimweleza mama yako yote. Ndiyo, yote. Alikuwa anakunja nguo zako, akasimama na soksi moja mkononi.

"Baba Batuli, miaka sita! Miaka sita unakula chakula changu na hilo limo tumboni?"

"Limo."

"Na vile vidole?"

"Navyo."

"Na mafuta yangu ya karafuu?"

Akanitupia ile soksi, halafu na ya pili. Halafu akakaa kitandani akanipa mgongo, nikajua analia, nikakaa karibu. Akaniuliza, "Wimbo wangu uko wapi?" Nikamtolea kurasa. Hajui solfa, mama yako, lakini alipitisha kidole kila mstari kama anasoma Yasini. Akaniambia, "Nataka kuusikia leo. Kabla ya chakula, kabla ya wageni wa kumuaga mtoto. Nimeungoja miaka sita bila kujua naungoja." Kwa hiyo usishangae leo akikata maneno ya Madam na kukuharakisha njiani.

Fidla nimeitia nyuzi mpya. Iko juu ya kochi, kasha wazi. Nilitaka kuandika kwamba sikulazimishi, ukitaka uiache. Hapana, nimechoka na uongo wa adabu. Nataka uende nayo. Nataka sana, mwanangu, nataka hata mate yananikauka. Nataka uvichemshe vichupa vyako huko, ukimbie katikati kupiga mistari miwili, urudi uvikute vimeungua, mwalimu wako akukemee kwa Kirusi, hicho unachojifunza kwa kuhesabia vikombe ukiosha vyombo. Lakini kama utaiacha, basi iache kwa sababu yako wewe, ya leo. Usiiache kwa maneno ya mtu aliyeona haya mbele ya birika.

Nisamehe, Batuli. Nimelichelewesha miaka sita, na sasa nimeliandika naona lilikuwa jepesi kweli.

Mwisho wa wimbo sina. Nakato kasema tuubuni, nikakataa, tukagombana tena. Ule mwisho wa kuchuna kwa kidole hakuna mtu anayeujua duniani ila wewe, kama bado unaujua. Kama umeusahau tunga mwingine, mama yako hatajua tofauti, na mimi sitasema. Ukurasa wa saba nimeuweka mtupu ndani ya kasha, na penseli iliyochongwa. Mayai ya kuupaka utanunua mwenyewe hukohuko. Maji yawe baridi.

Ala! Kuna mtu alikuwa mlangoni sasa hivi, nimetoka nimerudi. Ni Wasswa, kavimba. "Mzee, karatasi tena? Wakaguzi wako nyuma ya jengo!" Nikamwambia waje. "Ni nini hizo?" Nikamwambia ni muziki, zitakaa hapo mpaka zikauke. Akanitazama kama nimepandwa na jini, akakuna kichwa. "Sasa faini ya muziki hata sijui ni gani," akasema, akateremka zake.

Gari la Madam nalisikia chini, na sauti ya mama yako inakuhimiza upande ngazi. Barua hii nitakupa ukishavua viatu. Nimegusa kurasa, mbili bado mbichi. Naenda kusimama kwenye mlango wa roshani, aje mkaguzi, aje nani.

Mara hii sianui.

Baba yako,
Athmani